Kidonge Cheupe cha Bi Kazija

Kichwa kilianza kunigonga tulipoiacha nyuma njia ya Wete. Dereva wa pikipiki, ambaye tangu Chake Chake hakufunga mdomo, aligeuza shingo akaniuliza kama nasinzia, maana ameshawahi kudondosha abiria wawili waliosinzia. Nikamwambia ni presha. Dawa zangu nilizisahau kwenye nyumba ya wageni Mombasa, siku sita nyuma, na tangu hapo kila asubuhi nilijiambia kwamba mji wa mbele utakuwa nazo. Tanga hawakuwa nazo. Chake walinipa boksi lenye jina nisilolijua, nikalirudisha juu ya meza kwa adabu, nikatoka.

Sikuwahi kufika kaskazini ya Pemba kabla ya siku ile. Kwenye ramani kisiwa huonekana bapa kama jani. Kumbe ni vilima visivyokwisha, unapanda na kushuka mpaka tumbo linachoka. Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi kando ya lami, pengine juu ya lami yenyewe, na pikipiki ikawa inayumba kuzikwepa. Kukanyaga karafuu ya mtu, dereva alisema, ni kesi kubwa kuliko kumkanyaga mwenyewe.

"Maduka ya dawa Konde yapo," akaendelea. "Lakini wa kukueleza dawa mpaka ukaielewa, huyo yuko kijijini, mbele ya Konde. Bi Kazija. Zamani tukipanga foleni kwake. Siku hizi hendi ntu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Dawa yake imemuua babake mwenyewe," alisema, kwa sauti ile ile aliyonielezea karafuu.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kituo cha afya kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, rangi ya buluu chini na nyeupe juu, na benchi refu la saruji barazani. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Mfungo Pili, wa pili baada ya Ramadhani, mwaka 2014, na benchi lilikuwa tupu. Nyuma ya dirisha la dawa alikaa mwanamke wa miaka arubaini na tano hivi, miwani puani, kanga juu ya koti jeupe. Nilimsalimu, nikamsukumia boksi tupu nililokuwa nalo mfukoni.

Hakulitazama jina kubwa lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Aligeuza boksi ubavu, akatafuta kwa ukucha herufi ndogo za chini, akazisoma taratibu. Kisha akaenda kwenye rafu, akarudi na kopo kubwa la plastiki, akahesabu vidonge thelathini akavitia kwenye bahasha ya karatasi. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na mstari mmoja katikati. Hakuna jina. Nikamuuliza kama kweli ni dawa ile ile.

"Na weye pia," alisema. Hakukasirika. Aliniuliza natoka wapi, nikamtajia miji mitatu minne niliyoishi. "Basi. Nami nikidhani ni sisi wa huku tu."

Si wao tu. Marseille nimemwona mzee wa Kingazija akigombana na mfamasia kwa Kifaransa, kisha kwa Kingazija, kwa sababu kidonge chake cha waridi kimebadilishwa kikaja cha njano. Cairo watu huegemea kaunta na kuulizia dawa "asli" kwa kunong'ona, kana kwamba wananunua kitu cha haramu. Bombay neno ni hilo hilo, asli, na huku kwetu asili. Lugha nne nilizojifunza kwa jasho zote zilikuwa na neno tayari kwa ajili ya mtu anayeogopa kupewa cha bandia. Nilijua haya yote, na bado nilisimama pale dirishani nikivitazama vidonge thelathini kama mtu aliyepewa noti asiyoijua.

Bi Kazija alikuwa na hoja yake ya miaka ishirini kwa watu kama mimi. Alinionyesha kwa kidevu majamvi ng'ambo ya barabara.

"Karafuu ya mzee yule ikifika Singapuri, gunia lina jina lake?"

"Halina."

"Na harufu inapungua?"

Aliniambia kwamba hoja hiyo alikuwa akiitumia kwa kila mtu, na kwamba mzee mmoja tu ndiye aliyewahi kumshinda, Mzee Ngwali, mwenye presha na ulimi. Mzee Ngwali alimjibu, mbele ya benchi zima: "Ndiyo maana wanatulipa kidogo, Kazija. Lingekuwa na jina langu ungeona." Benchi likacheka, naye akacheka, na Mzee Ngwali akachukua dawa yake akenda zake. Hiyo ilikuwa zamani. Nilimeza kidonge kimoja pale pale kwa maji ya jagi, na Bi Kazija akaniambia nirudi kila asubuhi apime.

Nilipanga chumba Konde nyuma ya duka la vitambaa la Gulam. Nilikusudia kukaa siku mbili. Kila asubuhi nilipanda pikipiki mpaka kituoni, nikafungwa ule mkanda wa kupimia mkononi, nikasikiliza. Mwanamke aliyezoea kusema na watu arubaini kwa siku alikuwa sasa hana wa kusema naye ila mimi.

Alizaliwa miaka mitano baada ya Mapinduzi, mtoto wa kwanza wa Mzee Ame Jaribu na Bi Mwanamize. Mzee Ame alikuwa mchumaji wa karafuu, baadaye mlinzi wa ghala la karafuu. Alisoma Kurani vizuri na barua za Kiarabu kwa kiasi. Herufi za Kirumi zilimshinda, na hakuona sababu ya kuzifukuza. Katika miaka ya sabini alipanga foleni ya unga pamoja na watu wote wa kisiwa, unga wa njano uliokuja kwa magunia yasiyo na maandishi, wengine wakauita chakula cha kuku, na usipoupangia foleni hukuwa na kingine cha kuwapa watoto. Tangu wakati ule kitu kisicho na jina kilichotolewa bure na serikali kilimpa kichefuchefu. Hakusema neno baya. Alikiweka pembeni tu.

Kazija alikwenda Unguja kusomea dawa, akarudi mwaka tisini na tatu. Aliolewa. Mwaka 2001 mumewe alivuka kwenda Shimoni, Kenya, pamoja na waliokimbia ile fujo ya uchaguzi, akaoa huko, akaleta talaka kwa barua. Mtoto hawakupata. Mdogo wake, Bimkubwa, aliolewa Maskati na mtu wa Konde aliyekuwa dereva wa lori huko. Kwa hiyo wazee wakabaki na watoto wawili wa kuwatazama: Kazija mlango wa tatu kutoka kwao, mwenzake ng'ambo ya bahari.

Mzee Ame alipopata ugonjwa wa sukari, Bimkubwa akaanza kuleta dawa. Zilikuja na mahujaji, na wafanyabiashara, na mtu yeyote aliyekuwa na nafasi ya boksi dogo kwenye begi. Huku huitwa dawa ya Manga, kwani Arabuni kote kwao ni Manga. Boksi lilikuwa la kijani, na jina lake kwa herufi za Kiarabu, na Mzee Ame aliweza kulisoma. Aliwasomea hata wageni. Bi Mwanamize naye alikuwa na presha, naye akaletewa boksi lake, jekundu. Vifungashio vilivyokwisha havikutupwa, vilipangwa dirishani.

Taabu ilikuwa kwamba dawa ya Manga ilikuja ilipokuja. Pengine miezi miwili ilipita bila ya mtu kusafiri. Mzee Ame hukaa bila ya kitu, macho yanaingia ukungu, kidonda cha mguu hakiponi. Na bintiye, mlango wa tatu, ana kopo zima la dawa ile ile. Kazija alimsomea yale maandishi madogo ya boksi la kijani, akamsomea na ya kopo, herufi kwa herufi, jina moja. Kwa miaka mitatu mzee alimsikiliza kwa upole. Jirani walimtania binti: fundi cherehani huenda uchi, na mtoa dawa babake hataki dawa.

Mwaka ule, siku tatu kabla ya Ramadhani, alikubali. Kazija alimpelekea bahasha ya vidonge vyeupe vya mwezi mzima. Akamwambia: Baba, zile ziache kabisa, umeze hivi, kimoja, kwa futari, na daku usimeze kitu. Mzee akaipokea bahasha kwa mikono yote miwili.

"Akasema, inshallah mwanangu," Bi Kazija aliniambia. Alikuwa akiufungua ule mkanda mkononi mwangu, na akaacha hapo hapo, ukaning'inia. "Mie mtu wa hapa hapa. Nimezaliwa humu. Mzee akikwambia inshallah hajakukubalia, amekuogopa kukuvunja moyo. Mgeni angeweza kukosea. Mie nilikuwa nimechoka, nikataka kusikia ndiyo, nikasikia ndiyo."

Ramadhani kumi na saba Kazija alikwenda Wete kuchukua dawa za mwezi. Mzee Ame alikuwa uani akigeuza karafuu za mwanzo juu ya jamvi. Saa sita akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, akawa anawaita watu kwa majina ya marehemu. Wakamtia ndani, wakamlaza, wakampepea. Mtu mmoja akasema apewe maji ya sukari, kufunga kumemzidi. Wakamzuia wote kwa pamoja. Huyu ni ntu wa sukari, unataka kumuua? Uzuri wa elimu ya afya ni kwamba inaingia. Kila mtu katika nyumba ile alijua, kwa miaka, kwamba sukari ni sumu kwa Mzee Ame. Hakuna aliyejua kwamba siku ile sukari ilikuwa imemwishia mwilini, na kwamba vijiko viwili vingemwamsha.

Kazija alifika alasiri. Alimpima, kimashine cha sukari hakikuonyesha hata nambari, kiliandika tu kwamba ni chini mno. Alimpaka asali kwenye fizi. Akampakia kwenye gari. Mzee Ame alifariki kabla ya kufika Wete, kichwa kikiwa kwenye paja lake.

Siku ya nne, baada ya kuondoka waliokuja kukaa matanga, Kazija aliingia chumbani kwa babake. Chini ya mto palikuwa na ile bahasha yake, na pembeni boksi la kijani. Akavihesabu. Katika bahasha vilikuwa vimepungua kumi na saba. Katika boksi, ambalo mama alisema lilifunguliwa Ramadhani mosi, vimepungua kumi na sita. Cha Manga kwa futari, na cha Kazija kwa daku, kila siku, kisha mchana kutwa na njaa juani.

"Kwa nini vyote viwili?" nilimuuliza.

Akaniuliza kama nimewahi kufuturu Pemba. Nikasema bado. Akanieleza kwamba magharibi ya Ramadhani kila nyumba hupeleka sahani kwa jirani na kwa wazee. Mtu mzima huweza kuwekewa mbele yake sahani sita, muhogo wa huyu, ndizi za yule, na hata akiwa ameshiba lazima aonje kila moja. Kuiacha sahani ya mtu bila kuigusa ni kumwambia mkono wako sitaki. Mzee Ame alikuwa na watoto wawili, na kila mmoja amempelekea chake. Akaonja vyote.

Lakini kijijini hawakujua hesabu ile. Walichokijua ni kwamba Mzee Ame alikula dawa ya Manga miaka sita, hakufa. Akala kidonge cheupe cha serikali siku kumi na saba, akafa. Ni hesabu iliyonyooka. Nami ningeifanya hivyo hivyo. Kabla ya Idi watu walianza kurudisha bahasha. Hawakuzitupa, walizileta, wakaziweka dirishani kwa heshima, wakampa pole ya msiba, wakaondoka. Mzee Ngwali peke yake ndiye aliyeendelea kuchukua, akisema yeye ameshaoa mara nne na hajafa, kidonge hakitamuweza.

Haya yote Bi Kazija angeweza kuyavumilia, nadhani. Lililomkosesha usingizi ni mama. Boksi jekundu la Bi Mwanamize lilikwisha Mfungo Mosi. Bimkubwa alipiga simu kusema hapati mtu wa kumpa jengine kabla ya mwezi wa kumi na moja. Bi Mwanamize akakataa vya kopo. Presha yake, nilipoonyeshwa daftari, ilikuwa imepanda kiasi ambacho hata mimi nisiye daktari nilitoa sauti. Anaamka na kichwa, mkono wa kushoto unakufa ganzi, anasema ni kule kuchapa nguo akifua. Kazija alijua kinachokuja. Alikuwa amewaona wengi, mdomo umekwenda upande, wakibebwa kwa machela ya kitanda.

"Sitaki kingine," aliniambia siku ya sita au ya saba. "Watu watarudi, hawatarudi, watajua wenyewe. Mama ameze tu."

Ndipo nilipotoa shauri la mtu aliyezunguka dunia. Boksi jekundu tupu liko dirishani. Vidonge viko koponi. Atie vya kopo ndani ya boksi, aseme vimekuja na mtu. Nimeona mahali fulani mtoto akimfanyia babake hivyo miaka kumi.

Alilifunga daftari.

"Baba amekufa kwa sababu hakujua anachokimeza," alisema. "Na mama nimfiche?"

Kesho yake alikuja na shauri lake, na lilikuwa la uaminifu kuliko langu. Dawa yangu na ya mama ilikuwa moja. Niende nyumbani nikaimeze mbele yake, mgeni mzima, msomi, aliyetoka mbali, aone kwa macho yake.

Tulikwenda baada ya sala ya adhuhuri. Bi Mwanamize alikuwa sebuleni akichambua vikonyo vya karafuu kwenye ungo, mwanamke mwembamba, mrefu, sauti ndogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba baba, akaniletea uji wa mtama akanihimiza ninywe kwanza. Aliniuliza kama nina mama. Aliniuliza kwa nini mtu mwenye mvi atembee tembee kama hana kwao. Nikamwambia hata mimi sijui, akasema huo ni ugonjwa, na kwamba dawa yake pengine Kazija hana. Alitabasamu aliposema hivyo, na Kazija akatabasamu, na kwa kitambo niliiona nyumba ilivyokuwa.

Kisha Kazija akatoa bahasha. Alieleza mara moja, kwa maneno machache. Nikakitia kidonge kinywani, nikanywa maji. Bi Mwanamize alinitazama koo likipanda na kushuka. Akarudisha macho kwenye ungo.

"Nami nilimpa maji vivi hivi," akasema.

Kazija akamuuliza nani.

"Babako. Cha futari nikimpa mie, na cha daku nikimpa mie. Yeye akisema, Mwanamize, hiki cha nani? Namwambia hiki cha Bimkubwa. Na hiki cha Kazija. Anameza." Vidole vyake havikuacha kuchambua. "Ulituambia kimoja. Nilikusikia, mie siyo kiziwi. Nikaona haya kukiacha cha mwenzio, na yeye yuko mbali, hana ila hicho cha kumpa babake."

Uani kuku alikuwa akipekua majani.

"Sasa unaniletea ntu wa watu ameze mbele yangu nione kuwa dawa hino haina kosa," Bi Mwanamize alisema. "Haya. Kama haina kosa, kosa la nani?"

Nilielewa hapo, na nikaona Kazija ameelewa kabla yangu, kwa sababu uso wake ulifanya kitu nilichokiona mara chache, kwa watu waliokuwa wakisomewa hukumu. Miezi miwili alidhani mama anakiogopa kidonge. Mama hakukiogopa. Alihitaji kidonge kiwe na kosa. Kila mara alipokikataa alikuwa akishuhudia kwamba mkono uliompa mumewe maji haukuwa na kosa.

Kazija alivua miwani. Alikuwa na hesabu yote, kumi na saba na kumi na sita, na elimu yote, na miaka ishirini ya kusema jina moja, dawa moja.

"La dawa, mama," alisema. "La kidonge changu mie. Nimekosea kukupa."

Bi Mwanamize aliinua uso.

"Kilikuwa kibovu?"

"Kilikuwa kibovu."

"Mie nilijua," mama akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Alilia muda mrefu, ungo ukiwa mapajani, na Kazija hakumsogelea. Alipotulia Kazija akamuuliza jambo moja tu: akija mtu mwengine pale kituoni, na dawa zake mwenyewe, atameza?

"Akija mwengine n'tameza."

Njiani kurudi kituoni aliniambia kwamba jana alikataa kudanganya kwa boksi, na leo amedanganya kwa mdomo, na kwamba nisimwambie mtu yeyote ni lipi baya zaidi maana hataki kujua.

Mama hakuweka siri, na sidhani kama aliombwa. Baada ya siku mbili kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Kazija mwenyewe kakiri. Mzee Ngwali alifika asubuhi na mapema na bahasha yake, nusu imeliwa. Hakuwa na mzaha. Alisema, mwanangu, mie nilikutetea kila baraza. Akaiweka dirishani juu ya nyengine, na nilipomsalimu hakunijibu, kwa sababu sasa alikuwa anaogopa kweli, mzee wa miaka sabini na tisa ambaye ameshameza vidonge vile tangu mwaka tisini na sita.

Barua ya kuomba uhamisho Kazija aliiandika siku ile ile. Aliomba popote. Wakamjibu upesi kuliko ilivyo kawaida, kwani kituo kimoja kusini, upande wa Mkoani, kilikuwa hakina mtu, na pia, nadhani, kwa sababu maneno yalishafika wilayani na hakuna aliyetaka kuyachunguza. Wangemleta mahali pake kijana wa Jadida, Bakar, aliyekuwa amemaliza masomo miaka miwili iliyopita. Siku ngapi ningekaa Konde sikuwa tena na hesabu nazo. Gulam aliacha kuniuliza.

Bakar alikuja Jumatatu na begi moja na feni. Bi Kazija alimkabidhi kituo siku nzima. Hakumweleza habari ya babake. Alimpitisha jina kwa jina: huyu ana sukari na hali maembe mbele yako, huyu anampa mkewe dawa yake. Alimwambia mzee akikujibu inshallah, muulize tena kesho. Makopo yakabaki yale yale, rafu ile ile. Bakar aliuliza kama abadilishe chochote. Akamwambia abadilishe bahasha tu, atumie zile za khaki badala ya nyeupe, na akiulizwa aseme ni dawa alizokuja nazo yeye. Kijana akaona ni ajabu, lakini alilelewa vizuri, hakuuliza mara ya pili.

Asubuhi ya Jumatano benchi la saruji lilikuwa na watu kumi na mmoja. Habari ilikuwa imepita kwamba kuna dokta mpya na dawa mpya. Mzee Ngwali alikuwa wa kwanza, na kofia ya kiua. Bi Mwanamize alikuwa wa tano, buibui jeusi, mikono mapajani. Walikuwa wameshaagana nyumbani, yeye na Kazija. Nilisikia kwamba mama alimpikia mikate ya kumimina na kumpa radhi zote. Kumsindikiza mpaka barabarani hakumsindikiza.

Gari la Wete, lile la mbao lenye viti vya pembeni, lilisimama mbele ya kituo saa mbili. Tulipandisha sanduku lake na godoro lililofungwa kamba. Wale wa benchi walimpungia mkono, wengine walitazama chini. Kazija aliketi mbele karibu na dereva, dirisha wazi. Alinipa mkono, akaniambia presha yangu bado iko juu kidogo, nipunguze chumvi. Nikasubiri dereva atie gia.

"Ngoja," Kazija akamwambia.

Bakar alikuwa ameita jina la tano. Bi Mwanamize aliinuka, akasogea dirishani. Tulimwona kijana akieleza jambo, akionyesha vidole viwili kisha kimoja. Akampa bahasha ya khaki.

"Bibi, tunakwenda au tunalala?" dereva aliuliza, na abiria nyuma wakaanza kugonga mbao.

"Ngoja, baba."

Bi Mwanamize alisema kitu. Bakar akamimina maji kwenye gilasi. Mama alikitoa kidonge kwenye bahasha, akakitazama juani, karibu na jicho, akakigeuza. Kilikuwa cheupe, kidogo, na mstari mmoja. Alikaa nacho hivyo kwa muda ambao dereva alipiga honi mara mbili. Kisha akakitia kinywani, akanywa maji yote, akaifuta midomo kwa ncha ya buibui.

Kazija alipandisha kioo.

"Twende," akasema.

Gari likaondoka na vumbi lake kuelekea Konde, godoro likiruka ruka nyuma, na mimi nikabaki barabarani na watu sita waliokuwa bado wanangoja zamu.